Kimelea, Mpangaji au Mshirika? Kutambua na Kuainisha Krasteshia Waishio Ndani ya Matumbawe na Wajibu wa Istilahi za Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna wanasayansi wanavyowagundua na kuwaainisha krasteshia wadogo waishio ndani ya matumbawe, kisha yanachunguza matatizo ya lugha yanayojitokeza maarifa hayo yanapoelezwa kwa Kiswahili. Mifano mikuu inatoka magharibi mwa Bahari ya Hindi, hususan Madagaska na Zanzibar, na mingine inatoka Ziwa Viktoria. Hoja ya makala ni kwamba Kiswahili hakihitaji kubuni jina jipya kwa kila spishi. Kinachohitajika ni istilahi thabiti za mahusiano baina ya viumbe, msimamo mmoja wa upatanisho wa kisarufi, na fasili inayotenganisha tumbawe hai na jiwe la tumbawe. Mambo hayo matatu yana uzito wa kisera wakati huu ambapo Tanzania imeamua sheria zake ziandikwe kwa Kiswahili, na Uganda imeingia katika ufundishaji wa lazima wa lugha hii.

Maneno muhimu: krasteshia, vimelea, matumbawe, uainishaji, ngeli, istilahi

1.0 Utangulizi

Msomaji anaweza kuuliza mtafiti wa lugha aliyeko Kansanga, jijini Kampala, ana jambo gani na wadudu wa baharini. Uganda haina pwani wala matumbawe. Hata hivyo, anayeifuata Barabara ya Ggaba kutoka Kansanga hufika baada ya muda mfupi kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria, na katika mashavu na ngozi za samaki wa ziwa hilo wamo krasteshia vimelea ambao ni ndugu wa wale waishio katika matumbawe ya Zanzibar na Madagaska. Elimu ya viumbe hao imekuwapo katika eneo letu kwa zaidi ya karne moja. Jambo ambalo halijafanyika kwa kiwango cha kuridhisha ni kuiandika elimu hiyo kwa lugha ambayo Waafrika Mashariki wengi wanaielewa.

Mazingira ya kisera yamebadilika kwa kasi. Marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yaliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2019 Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia kuundwa kwa Baraza la Taifa la Kiswahili, na Julai 2022 likaidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Nchini Tanzania, mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ina jukumu la kuratibu maendeleo ya lugha hii katika jumuiya nzima. Kwa hiyo swali la namna ya kumwita na kumfafanua kiumbe wa baharini limetoka katika karatasi za wanaisimu na kuingia katika vitabu vya kiada na vifungu vya sheria.

Makala yamegawanyika katika sehemu sita. Baada ya utangulizi huu, sehemu ya pili inawatambulisha viumbe wenyewe, ya tatu inaeleza hatua za ugunduzi na uainishaji, ya nne inajadili mgogoro wa neno kimelea, ya tano inatazama upatanisho wa kisarufi, na ya sita inatoa mapendekezo.

2.0 Wenyeji na Wakaazi Wao

Tumbawe ni mnyama. Mwili wake umeundwa na polipu, yaani vimfuko vidogo vyenye mdomo mmoja uliozungukwa na minyiri. Polipu hujitengenezea kiunzi cha chokaa, na vizazi vya polipu vinapopokezana juu ya viunzi vya waliotangulia, mwamba huinuka. Ndani ya chembe za matumbawe mengi huishi mwani wa chembe moja, ambao hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumgawia mwenyeji. Maji yanapopata joto kupita kiasi, mwani huo hutoweka na tumbawe hubaki jeupe. Hali hiyo ilitokea kwa ukali mwaka 1998 katika sehemu kubwa ya pwani ya Kenya na Tanzania, na matumbawe mengi yalikufa.

Krasteshia ni kundi la wanyama wenye miguu ya viungo na gamba la nje, ambamo wamo kaa, kamba, kamba kochi na uduvi. Baadhi ya maandishi ya Kiswahili hutumia neno gegereka kwa kundi hilo. Makala haya yanatumia krasteshia kwa sababu ni karibu zaidi na jina la kitaaluma, bila kulikataa neno jingine. Katika kundi hili pana, koo kadhaa zimeingia ndani ya matumbawe na kuyafanya makao. Nne kati yake zinatosha kwa mjadala wetu.

Ukoo wa kwanza ni wa kaa wa uvimbe, wa familia ya Cryptochiridae, yenye spishi zaidi ya 50 zinazojulikana. Anayefahamika zaidi ni Hapalocarcinus marsupialis, aliyeelezwa na William Stimpson mwaka 1859. Kaa jike angali mdogo hutua kwenye ncha ya tawi la tumbawe. Tawi huendelea kukua likimzunguka, hadi hufanyika uvimbe mfano wa chumba chenye matundu madogo ya kupitisha maji. Humo jike huishi maisha yake yote. Dume ni mdogo sana na hubaki nje, akiweza kuingia na kutoka. Jina la jenasi lina maana ya kaa laini, na jina la spishi lina maana ya mwenye mfuko, kwa kuwa jike hubeba mayai katika mfuko mkubwa chini ya tumbo.

Ukoo wa pili ni wa kopepodi wa familia ya Xarifiidae. Hawa huishi ndani ya polipu yenyewe, katika uwazi wa kusagia chakula. Urefu wao ni milimita chache tu, na mwili wao umerefuka mfano wa mnyoo, huku miguu ikiwa imepungua mno.

Ukoo wa tatu ni wa jamii ya wanyama wenye magamba ya chokaa ambao wavuvi huwaona wakiwa wameng'ang'ania nguzo za gati na matumbo ya majahazi. Hapa tutawaita siripedi. Wengi wao huchota chakula majini kwa miguu yao yenye nyuzinyuzi. Lakini mmoja wao, anayeishi juu ya matumbawe ya jenasi Hydnophora, amepoteza sehemu kubwa ya vyombo hivyo vya kuchotea. Mwaka 1969 Arnold Ross na William Newman walieleza kwamba anakula nyama ya tumbawe lililombeba.

Ukoo wa nne ni wa askothorasida, krasteshia adimu waishio ndani ya viunzi vya matumbawe na wanyama wengine wa bahari. Petrarca bathyactidis, aliyeelezwa na G. H. Fowler mwaka 1889, alipatikana ndani ya tumbawe la bahari ya kina. Viumbe hawa hawaonekani kabisa kwa mtazamaji wa nje. Hugunduliwa pale tu mtafiti anapolipasua tumbawe kwa makusudi mengine.

3.0 Hatua za Ugunduzi na Uainishaji

3.1 Kutoka mwambani hadi kwenye darubini

Kazi huanza kwa kibali. Matumbawe magumu yote yameorodheshwa katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, hivyo hata kipande kidogo hakivuki mpaka wa nchi bila hati. Baada ya hapo mtafiti humtambua mwenyeji, kwa sababu krasteshia hawa wana uchaguzi mkali wa makao. Aliye ndani ya jenasi moja ya tumbawe huenda asipatikane kamwe katika jirani yake. Jina la mwenyeji likikosewa, taarifa yote iliyofuata imepinda.

Kwa kopepodi, njia iliyotumiwa kwa mafanikio makubwa na Arthur Humes, mtafiti wa Marekani, ni rahisi kiasi cha kushangaza. Tumbawe huwekwa katika ndoo ya maji ya bahari yaliyotiwa alkoholi kidogo, huachwa, kisha hutikiswa. Maji hayo huchujwa kwa wavu laini, na kilichobaki hutazamwa kwa darubini. Wale walio ndani kabisa ya polipu huhitaji tumbawe livunjwe na kuoshwa. Kwa kaa wa uvimbe, mtafiti hulifungua chumba kwa patasi na kupima umbo la chumba pamoja na la mkaazi wake.

Kisha huja kazi ya subira. Kopepodi huwekwa katika tone la asidi ya laktiki ili mwili wake uwe wa kupenyeza mwanga. Humes na Richard Gooding walieleza mwaka 1964 namna ya kumtazama kiumbe akiwa katika tone linaloning'inia chini ya kioo chembamba, juu ya kibao cha mti kilichotobolewa tundu. Kila kiungo huchomolewa kwa sindano nyembamba na kuchorwa: papasi, mdomo, miguu, na idadi ya miiba katika kila pingili. Tofauti kati ya spishi mbili inaweza kuwa mwiba mmoja.

Humes ndiye aliyeunda jenasi Xarifia mwaka 1960, kutokana na vielelezo vilivyokusanywa Maldives na msafara wa meli Xarifia ya Hans Hass, mpiga mbizi kutoka Austria. Baadaye alifanya kazi kubwa Nosy Bé, kaskazini magharibi mwa Madagaska, na mwaka 1968 yeye na Ju-Shey Ho wakachapisha utafiti wa pamoja kuhusu kopepodi wa kundi hilo wanaoishi katika matumbawe ya kisiwa hicho. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ujuzi wa dunia kuhusu viumbe hawa ilizaliwa katika maji yale yale yanayoosha pwani yetu.

3.2 Lava kama ushahidi wa nasaba

Ugumu mkubwa wa uainishaji ni kwamba maisha ya ndani hubadilisha mwili. Mnyama asiyehitaji kuogelea hupoteza miguu, na asiyehitaji kuona hupoteza macho. Anayekaa katika utumbo wa polipu huishia kufanana na mnyoo, ingawa hana undugu wowote na minyoo. Uainishaji wa kutegemea sura ya mkubwa humdanganya mtazamaji.

Historia inatoa fundisho. Siripedi waliwekwa na Linnaeus, na baadaye Cuvier, katika kundi moja na konokono na chaza, kwa sababu ya magamba yao ya chokaa. Mwaka 1830 John Vaughan Thompson alionyesha kwamba lava wao huogelea kwa miguu ya viungo kama lava wa krasteshia wengine. Tangu hapo nafasi yao ilihama. Ushahidi wa utotoni ulishinda ushahidi wa utu uzima.

Wanafunzi wa Kiswahili wanaweza kulielewa jambo hili haraka kuliko wengine, kwa sababu sarufi yetu ina mgogoro wa aina hiyo hiyo. Nomino kiboko ina kiambishi ki- kama kitabu na kiti. Kwa sura ya nje, ni ya KI-VI. Lakini tunasema kiboko huyu anakula, wala si kiboko hiki kinakula. Upatanisho unafichua nasaba ambayo kiambishi kinaificha. Anayeainisha nomino kwa kiambishi peke yake anafanya kosa linalofanana na la wale waliomweka siripedi pamoja na chaza. Si ajabu kwamba istilahi ngeli inatumika katika sarufi na katika biolojia pia, ambako hushika nafasi yake katika safu ya himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi na spishi.

3.3 Jina, kielelezo na DNA

Spishi huhesabiwa kuwa imepata jina rasmi pale maelezo yake yanapochapishwa kwa kufuata kanuni za kimataifa za majina ya wanyama, ambazo chimbuko lake ni toleo la kumi la kitabu cha Linnaeus la mwaka 1758. Kielelezo kimoja huteuliwa kuwa rejea ya jina hilo na kuhifadhiwa katika makumbusho. Anayelitilia shaka jina baada ya miaka 100 hukirudia kielelezo hicho.

Siku hizi DNA huongezwa kama shahidi mwingine. Kwa kaa wa uvimbe, ushahidi huo umeonyesha kwamba jina Hapalocarcinus marsupialis limekuwa likifunika spishi zaidi ya moja zinazofanana kwa macho. Hivyo taarifa za miaka mingi kwamba kaa mmoja ameenea kutoka Bahari ya Shamu hadi Pasifiki ya mashariki zinahitaji kupitiwa upya, mwamba kwa mwamba, ikiwamo ya kwetu.

Jina la spishi huandikwa kwa sura ya Kilatini, lakini mzizi wake unaweza kutoka lugha yoyote. Kiswahili kimekwisha kuingia humo. Samaki wa Ziwa Viktoria mwenye milia aliitwa Pundamilia pundamilia mwaka 1998, na ndugu yake Pundamilia nyererei anabeba jina la Mwalimu Nyerere. Nyani wa misitu ya kusini mwa Tanzania aliyeelezwa mwaka 2005 anaitwa kipunji, jina alilopewa na wenyeji wa huko. Kwa hiyo hoja kwamba lugha zetu hazina nafasi katika sayansi ya majina haina msingi. Hata hivyo, jina likishatolewa hubaki hata kama linapotosha. Krasteshia Dolops ranarum, ambaye katika maziwa ya Afrika hujulikana zaidi kama kimelea wa samaki, ana jina lenye maana ya wa vyura.

4.0 Mgogoro wa Neno Kimelea

Je, krasteshia aishiye ndani ya tumbawe ni kimelea? Jibu la haki ni kwamba wengine ni vimelea, wengine bado wanajadiliwa.

Kuhusu kaa wa uvimbe, F. A. Potts alieleza mwaka 1915 kwamba hujilisha kwa chembe zinazoletwa na mkondo wa maji ndani ya chumba. Kwa maelezo hayo, kaa huyo ni mpangaji asiyelipa kodi, lakini pia haibi jikoni. Mwaka 1986 R. K. Kropp, akichunguza midomo na tabia za spishi tatu za kaa hao, alionyesha kwamba tumbawe lenyewe, hasa ute wake, ni sehemu ya chakula. Ute huo ni nguvu iliyotoka mwilini mwa mwenyeji. Je, anayekula ute ambao tayari umetolewa anamnyonya mwenyeji? Tena, tumbawe limelazimika kubadili ukuaji wa tawi lake. Hiyo ni hasara au ni mabadiliko tu?

Kuhusu Xarifia, watafiti wa Taiwan walieleza mwaka 2010 kwamba ndani ya utumbo wa kopepodi hao walikuta mwani uliotoka katika tumbawe. Inawezekana basi kopepodi anamla mkaazi mwenzake badala ya kumla mwenyeji. Lakini mwani huo ndio unaomlisha mwenyeji. Kwa siripedi wa Hydnophora hakuna utata mkubwa: anakula nyama ya aliyembeba, na huyo ni kimelea kwa maana kamili.

Lugha ya Kiingereza ina msamiati wa kutenganisha hali hizi. Kiswahili cha vitabu vyetu mara nyingi kinaziweka zote chini ya neno moja, kimelea. Neno hilo linatokana na kitenzi mea, kupitia umbo melea, yaani kuota juu ya kitu kingine. Maana ya msingi ni ya mmea ulioota juu ya mti mwingine, na haisemi lolote kuhusu kunyonya au kudhuru. Matumizi ya kitabibu, hasa kuhusu malaria, ndiyo yaliyolipa sifa ya uovu. Hivyo leo mshauri wa sera anayesoma kwamba mwamba fulani una vimelea anaweza kuelewa kwamba mwamba huo ni mgonjwa na unahitaji kutibiwa, ilhali kuwapo kwa wakaazi wa aina nyingi ni dalili ya kawaida ya mwamba ulio hai.

Hatari hii si ya kinadharia. Kiumbe asiyeweza kuishi nje ya jenasi moja ya tumbawe hufa pamoja na jenasi hiyo. Baada ya vifo vya mwaka 1998, kuna uwezekano mkubwa kwamba spishi zilipungua katika miamba yetu kabla hazijapata jina. Anayeitwa kimelea hana wakili, kwa kuwa hakuna bajeti inayotengwa kumhifadhi mnyonyaji. Utamaduni wa Waswahili una busara ya kutenganisha hatua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kabla ya kumpa mtu jembe au kumfukuza, sharti ijulikane amekaa siku ngapi na amekula nini.

5.0 Upatanisho wa Kisarufi na Matokeo Yake

Kuna jambo la pili, la kisarufi, ambalo huonekana dogo. Tunasema vimelea vya malaria vinaingia katika damu, kwa upatanisho wa KI-VI. Je, tuseme vimelea hivi vina mayai, au vimelea hawa wana mayai? Matumizi hayajatulia. Kanuni ya Kiswahili sanifu ni kwamba nomino ya mnyama, hata ikiwa na kiambishi ki-, hupatanishwa kwa A-WA. Kopepodi na kaa ni wanyama wasio na shaka. Kwa hiyo makala haya yametumia vimelea hawa kwa krasteshia, yakiacha vimelea hivi kwa viumbe wasio wanyama.

Katika madarasa ya Kampala tatizo hili lina uzito wa ziada. Luganda, lugha ya wanafunzi wengi hapa, hufuata umbo la nomino. Husemwa embwa erya, ambapo kitenzi kinapatana na ngeli ya nomino mbwa bila kujali kwamba mbwa ni mnyama. Mwanafunzi huyo anapokuja katika Kiswahili husema mbwa inakula, na mwalimu humsahihisha. Kama kitabu cha biolojia kitaandika vimelea vinaishi katika ukurasa mmoja na vimelea wanaishi katika ukurasa wa pili, mwalimu wa lugha na mwalimu wa sayansi watamsahihisha mwanafunzi mmoja kwa njia mbili zinazopingana.

Jambo la tatu ni tumbawe lenyewe. Neno hili lina upatanisho wa LI-YA, na kwa karne nyingi limehusishwa na ujenzi. Misikiti na majumba ya Kilwa, Lamu na Mji Mkongwe yamejengwa kwa mawe ya matumbawe, na chokaa yake ilichomwa kutokana na mawe hayo. Tumbawe laini lililokatwa baharini lilichongwa nakshi za mihrabu. Neno marijani nalo limebaki upande wa mapambo. Mkusanyiko mkubwa wa matumbawe tunauita mwamba, neno la jiwe. Kwa jumla, msamiati wetu unamweka mnyama huyu miongoni mwa mawe.

Hapo ndipo sera inapoguswa. Tanzania ina Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994, ambayo chini yake Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995. Sheria za aina hiyo zikitafsiriwa, na neno matumbawe likaachwa bila fasili, msomaji wa kawaida anaweza kuelewa kwamba kinacholindwa ni jiwe, na kwamba jiwe lililovunjika halina tena cha kulindwa. Nani atajua basi kwamba katika tawi lililovunjika alikuwamo kaa jike mwenye mayai?

6.0 Mapendekezo na Hitimisho

Wapo wenzetu wanaosema kwamba kutunga istilahi kwa ajili ya viumbe wa milimita mbili ni anasa, na kwamba tungoje kwanza istilahi za afya na kilimo zikamilike. Hoja hiyo ina uzito kwa kuwa rasilimali ni chache. Lakini tafsiri ya sheria na uandishi wa vitabu havitungoji. Tusipoamua leo, ataamua mfasiri mmoja mwenye haraka, na uamuzi wake ndio utakaokuwa kawaida. Tena, kinachopendekezwa hapa ni kidogo.

Kwanza, majina ya Kilatini ya spishi, jenasi na familia yaachwe kama yalivyo. Kazi ya Kiswahili iwe katika majina ya ngazi, ya viungo vya mwili na ya mahusiano. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ya mwaka 1990 ni msingi mzuri wa kuanzia, ingawa inahitaji kuongezewa maarifa ya bahari.

Pili, istilahi za mahusiano ziwe nne. Mkaazi atumike kwa kila kiumbe aishiye juu au ndani ya mwenzake pale ambapo athari haijathibitishwa. Mpangaji atumike pale ilipothibitishwa kwamba anapata makao tu. Mshirika atumike pale wote wawili wanapofaidika. Kimelea abaki kwa yule aliyethibitishwa kujilisha kutoka kwa mwenyeji na kumdhuru. Kwa mpangilio huu Xarifia angeitwa mkaazi mpaka ushahidi ukamilike, na siripedi wa Hydnophora angeitwa kimelea.

Tatu, vimelea walio wanyama wapatanishwe kwa A-WA katika vitabu vyote vya kiada. Kwa tumbawe, upatanisho wa LI-YA usiguswe, kwa kuwa lugha haibadilishwi kwa amri. Badala yake, sheria na vitabu vitenganishe tumbawe hai, likifasiliwa kuwa mnyama pamoja na wakaazi wake, na jiwe la tumbawe, yaani kiunzi kisicho na uhai.

Nne, taasisi zinazotoa vibali vya utafiti ziweke sharti la muhtasari wa Kiswahili kwa kila spishi mpya inayoelezwa kutoka maji ya Afrika Mashariki. Historia inaonyesha sababu. Kati ya mwaka 1901 na 1902 Cyril Crossland alikusanya viumbe wa bahari Zanzibar na pwani ya Kenya, na matokeo yakachapishwa kwa mfululizo London. Mwaka 1961 Geoffrey Fryer, aliyefanya kazi katika taasisi ya utafiti wa uvuvi iliyokuwa Jinja, alichapisha maelezo ya krasteshia vimelea wa samaki wa Ziwa Viktoria, nayo yakatoka London. Kazi zote mbili ni za thamani, na mvuvi wa Nungwi au wa Ggaba hana njia ya kuzisoma. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoko Zanzibar, ikishirikiana na BAKITA, BAKIZA na Kamisheni, inaweza kuanzisha utaratibu huo bila gharama kubwa.

Kwa kuhitimisha, uainishaji wa krasteshia wa matumbawe unadai nidhamu ambayo wanaisimu wanaifahamu: kutoamini sura ya nje, kutafuta ushahidi wa nasaba, na kutotoa hukumu kabla ya kujua tabia. Nidhamu hiyo hiyo inatakiwa katika kuteua maneno. Kiswahili kikimwita kila mkaazi kimelea na kila tumbawe jiwe, kitakuwa kimehukumu kabla ya kusikiliza ushahidi, na hukumu hiyo itasomwa na watunga sheria ambao hawatapata nafasi ya kutazama kwenye darubini.